Nilipokwambia Keti, Bwana

Mwanangu Wycliffe,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kuuliza hali ya msomaji. Hali yako naijua. Umelala hapo nyuma ya pazia, miguu imepita mwisho wa kitanda, unakoroma kama marehemu baba yako. Nimepunguza taa ya mafuta nisikuamshe. Usiicheke hati yangu. Nilifika darasa la saba tu, na tangu hapo kalamu naishika siku ya kuchukua mshahara.

Sitakuandikia habari za kufua soksi wala za kula kabla hujalala. Hayo mama yeyote hapa Lindi, ndani ya Kibera, anaweza kukuambia, na kesho majirani watakuambia wote kwa pamoja kabla hujafunga mlango. Mama Atieno amekwisha kuninong'oneza kwamba Eldoret unakokwenda kazini kuna baridi ya kuua na wasichana wa kuwatoa watu akili. Nikamwahidi nitakufikishia. Basi, nimefikisha.

Ninachotaka kuandika ni kile tulichokizunguka mimi na wewe tangu siku ile ya intavyuu, humu ndani ya chumba kimoja ambamo mtu akipiga chafya mwenzake anapata mafua. Tumezungumza habari ya sanduku, ya koti, ya blanketi, ya kila kitu isipokuwa hicho. Mara ngapi nimefungua mdomo, nikaishia kukuuliza kama chumvi inatosha.

Nianzie mbali kidogo. Ulikuwa mdogo, hujaanza hata shule, nilipokuchapa kwa lapa mbele ya watu. Nilikuwa natoka kununua maji, mtungi mmoja kichwani na mwingine mkononi, na matope ya huku unayajua mvua ikinyesha. Wewe ulikuwa umeketi mlangoni unachezea gari lako la waya. Ukaniona nikija. Ukanisalimu, "Sasa, mama!" halafu ukaendelea kuendesha gari lako. Nikatua mitungi, nikavua lapa. Kwetu, mtoto anayemwona mkubwa amebeba mzigo akabaki ameketi ni aibu kwa aliyemzaa. Mimi nililelewa hivyo na kukhu wako, mama yangu, na mkono wake ulikuwa mzito kuliko huu wangu.

Hukusahau. Ikawa ukinisikia tu nakohoa pale kwenye kona ya kioski, unatoka mbio kunipokea. Hata ulipoingia chuo kikuu, unarudi likizo na vitabu vyako na ndevu zako, nikitokea na kikapu unaacha lolote unalofanya, unainuka. Majirani walikuwa wakisema, huyu Mama Wycliffe kweli alizaa. Nilijifanya sisikii, lakini nilikuwa nasikia vizuri sana.

Sasa nikwambie nilivyopata kazi yangu, maana sidhani niliwahi kukueleza. Baba yako alipofariki nilikuwa nafua nguo Kawangware kwa Mzee Kariuki, yule mwenye ploti, na kufua hakukuweza kutulisha na kukusomesha. Nikasikia kuna kampuni kubwa kule Industrial Area inatafuta mwanamke wa kupika chai ya ofisini. Nikaenda. Tulijaa jikoni wanawake, kila mmoja na kitambaa chake safi kichwani. Msimamizi akampa kila mmoja sinia la vikombe, akasema tuingie katika chumba cha mkutano, tugawe, tutoke. Nikamwuliza anaangalia nini hasa. Akanijibu, "Ukitoka nitawauliza kama kuna mtu aliingia. Wakisema hawakuona mtu, kazi ni yako."

Nikaingia, nikagawa, nikatoka, na kazi ikawa yangu. Hiyo ndiyo intavyuu niliyofanya mimi, Wycliffe, na niliipita kwa kutoonekana. Nimekulisha kwa kutoonekana. Viatu vyako vya sekondari, godoro la bweni, yote yametoka huko. Zamu yako ilipofika, sikuwa na dawa nyingine ya kukupa.

Na zamu yako ilichelewa. Tulidhani ukishavaa ile kanzu nyeusi ya chuo, waajiri watakuja wenyewe kubisha mlango. Ukatembea lami mpaka soli zikaisha. Kuna wakati ulibeba mawe kwenye mjengo kule Kambi Muru, na digrii yako imelala chini ya godoro langu isiliwe na panya. Ukirudi jioni na vumbi, nilikuwa nakupa maji ya kuoga, natoka nje, nasimama ukutani. Nilikuwa silii. Nilikuwa nasimama tu, kwa sababu sikujua mama hufanya nini katika hali kama hiyo.

Halafu barua ikaja kupitia sanduku la posta la Mzee Kariuki, maana sisi la kwetu hatuna. Kampuni ilikuwa inakuita kwa siku nzima ya kupimwa uwezo pamoja na vijana wengine waliotoka vyuoni. Kampuni yenyewe ni ile ile ninayoipikia chai. Nilicheka kwanza. Kisha nikakaa juu ya ndoo.

Unakumbuka tulivyokwenda Kawangware kuazima lile koti la kijivu? Mzee Kariuki alikugeuza mbele na nyuma akakuona unafaa, halafu akaanza kukufundisha.

"Usiambie hao watu Kibera," akasema. "Sema unaishi Lavington, kwa wenye pesa."

"Lakini mzee, hapa ni Kawangware. Na hata hapa sikai."

"Kijana, nikitema mate kutoka kwa mlango yangu inaanguka Lavington. Hiyo ni uwongo?"

Tulicheka njia nzima. Tulicheka pia tulipofanya mazoezi ya kisu na uma kwa ugali na sukuma wiki, kwa sababu nilijua wakati wa chakula pia wakubwa wa kampuni wanawaangalia. Ugali ulitushinda. Sukuma ilirukia kalenda ya kanisa, na doa bado liko pale, nimekataa kulifuta. Kama kuna siku ambazo ningerudishiwa, ningechagua hizo.

Lakini mimi ndiye niliyesema huko ofisini tusijuane.

"Mathe, hiyo ni ngumu," ulisema. "Nikikuona nitasema nini? Niaje, madam?"

"Usiseme kitu. Ukiniona ni kama umeona ukuta."

"Ukuta haikunilipia fees."

"Basi nilipe hizo fees kwa kunyamaza."

Hukupenda, ila ulinyamaza. Ukitaka kujua kwa nini nilisema hivyo, niliogopa. Nilidhani wakijua watasema umepitishwa mlango wa jikoni, au kila wakikutazama wataona sinia. Sijui hata kama ni kweli. Hakuna mtu aliyeniambia. Mtu akikaa muda mrefu kwenye kona huanza kuisikia kona ikisema naye, na mimi niliisikiliza.

Nimeziona siku hizo za kupimwa miaka mingi, kutoka mlangoni. Vijana wanakalishwa kuzunguka meza na kupewa jambo la kuamua, na wakubwa wanakaa kando na karatasi zao. Hawaulizi kitu. Wanatazama tu nani anaongea, nani anakatiza, nani ananyamaza. Vijana wenyewe wanagombania maneno kama kuku waliomwagiwa mahindi. Nilikuwa nawahurumia wote, kila mmoja na tai ya kuazima, na nikitoka nimewasahau. Siku ile nilijua ni wewe uko ndani.

Jambo mlilopewa ni la kiwanda cha kubuni kilichoishiwa na pesa, mchague watakaoachishwa kazi. Nilikuwa nimefika mlangoni na toroli la chai niliposikia msichana mwenye blauzi nyeupe akisema, "Si hata tusijisumbue. Tuanze na hao wamama wa chai. Tunanunua mashine moja, imeisha hiyo."

Mwenzake akacheka. Kisha nikasikia sauti yako.

"Ngoja kwanza," ulisema. "Hao wamama wako na watoto."

Nilibaki pale na mkono kwenye kitasa. Sijui kama nilitaka uendelee au unyamaze. Chai ilikuwa inapoa, ikabidi niingie.

Gurudumu la toroli likakwama kwenye ukingo wa zulia. Linakwama kila siku, nami kila siku nalivusha kwa kuinua birika kwa mikono miwili na kulisukuma toroli kwa nyonga. Nikainua birika. Na wewe ukainuka. Najua hukufikiri. Miguu yako iliinuka yenyewe, mimi ndiye niliyeifundisha kwa lapa. Ulikuwa umekwisha kunyoosha mikono kunipokea, kiti chako kimesogea nyuma kwa kelele, na chumba kizima kikageuka. Mzungu mmoja kati ya wale wakubwa, aliyekaa dirishani, akainua kalamu.

Nikasema, "Keti, bwana. Ni kazi yangu."

Sijawahi kukuita bwana, hata kwa utani. Sauti yenyewe haikuwa ya humu nyumbani, ilikuwa ile ya jikoni. Ukanitazama. Nimetazamwa na watu wengi, Wycliffe, na baba yako alinitazama akiwa anakata roho, lakini sijawahi kutazamwa hivyo. Kisha ukaketi.

Nikaizunguka meza. Kila mmoja nikamwuliza sukari kiasi gani. Nilipofika kwako nikatia vijiko vitatu, nikakoroga, nikaweka mbele yako, na nilikuwa nimeshapita ndipo nikashtuka kwamba wewe sikukuuliza. Hakuna aliyeona. Ndivyo nilivyo mle ndani, hata nikikosea hakuna anayeona.

Nilikuwa naburuta toroli kutoka niliposikia umerudi kwenye mazungumzo. Ulisema taratibu, kwa Kiingereza chako kizuri, kwamba umefikiria tena, mwenzako ana haki, kiwanda kianze na watu wa chai. Nilielewa kila neno. Nikafunga mlango polepole usipige kelele.

Jioni ulikuja ukakaa pale kwenye kigoda, koti bado mwilini.

"Mathe, ile ilikuwa mchezo tu. Hicho kiwanda chenyewe hakiko."

"Najua."

"Si ulisema nikuone kama ukuta?"

"Nilisema. Kula, ugali inapoa."

Ulikula kidogo sana. Nami sikukuambia lililokuwa moyoni. Sikukukasirikia hata kidogo. Ulifanya nilivyokuomba, hukuongeza wala hukupunguza. Kilichoniuma ni kwamba nilitumia miaka kukufundisha kuinuka, na kukufundisha kuketi kulinichukua maneno machache tu mbele ya watu nisiowajua.

Kuna jambo jingine ambalo hulijui. Baada ya siku chache nilikuwa nakusanya vikombe kwenye ofisi ya kuajiri wafanyakazi, na mama mmoja, mkubwa wa pale, alikuwa anaongea na yule Mzungu wa dirishani. Walikuwa wanawataja ninyi mmoja mmoja. Akasema, "Yule wa koti la kijivu ni mzuri. Alianza kulegea kidogo hivi, lakini alijirekebisha haraka." Kisha akanigeukia akasema kikombe chake bado. Nikamwambia, "Sawa, madam." Nikasimama pale nikingoja amalize kunywa. Nilitaka kusema yule ni wangu. Nilitaka kusema hakulegea, nilimlegeza mimi, au nilimkaza mimi, hata sijui ni lipi. Akamaliza, nikachukua kikombe, nikaenda kukiosha.

Barua ya kukuajiri ilipokuja, kina mama wa kanisa waliimba hapa mlangoni mpaka jirani mlevi akaamka akaimba nao. Nilicheza, uliniona. Usidhani nilikuwa naigiza. Nilifurahi hata magoti yakanisamehe siku hiyo. Lakini wewe ulikuwa umesimama kando umeshika ile bahasha, na watu walipokwisha kwenda ukaniuliza, "Mathe, unadhani walinichukua juu ya nini?"

Nikasema, "Juu ya akili yako."

Ukasema, "Haya."

Nilijua, na nilikujibu hivyo. Ndiyo sababu nimekaa hapa na kalamu. Nisingependa uende mbali na jibu la uongo kwenye sanduku. Walikuchukua kwa akili yako, ndiyo, na walikuchukua pia kwa sababu uliketi. Naomba usijichukie kwa hilo. Anayestahili kulaumiwa yuko upande huu wa pazia, na hata huyo alikuwa na hofu tu, hakuwa na nia mbaya.

Ningependa sasa niseme neno la busara, kama wazazi wanavyosema kwenye harusi. Sina. Huko unakokwenda utakuwa na meza yako, na siku moja utaletewa karatasi kama ile, ila kiwanda kitakuwa cha kweli na watu watakuwa na majina. Huku kwetu kazini maneno ya kupunguza watu yameshaanza. Mwenzangu wa jikoni ameanza kuulizia unga wa mandazi kwa bei ya jumla, anasema anajua upepo unakovuma. Mimi sitakwambia uamue nini siku hiyo. Sijui kiwanda kinaendeshwaje. Labda mashine ni nafuu kweli. Siku hiyo sitakuwa mlangoni, na huo ndio uchungu wangu, kwamba nimekufikisha mahali ambapo siwezi kukufuata hata na birika.

Najiuliza wakati mwingine ingekuwaje kama ningekuacha unipokee. Labda wangesema kijana ana adabu. Labda wangesema ni laini, na sasa hivi ungekuwa Kambi Muru na mawe begani, nami ningekuwa nimesimama ukutani nje. Nimeligeuza jambo hili usiku mwingi na kila nikiligeuza lina sura nyingine. Nikiambiwa niirudie siku ile, siwezi kukuapia kwamba nisingesema vile vile. Mama akitaka mtoto wake ale atasema mengi. Hilo nalo nataka ulijue, ili usinifanye mtakatifu nikishakufa.

Koti la Mzee Kariuki nitalirudisha mwenyewe Jumamosi nikienda kufua, maana siku hiyo bado namfulia. Amekwisha kuwaambia wapangaji wake wote kwamba kijana wa Lavington amepata kazi. Muache afurahi, naye ana sehemu yake.

Sasa nimalizie, mafuta ya taa yanaisha. Ukiamka hutanikuta. Nitakuwa nimeondoka alfajiri kwa miguu kama kawaida yangu, maana kesho nyinyi wapya wote mnaanzia ofisini, mnywe chai na wakubwa kabla gari halijawachukua. Zamu ni yangu. Nilifikiria kubadilishana na mwenzangu, hata nikamwomba, naye akakubali. Kisha nikarudi nikamwambia asijali. Ningekosa kukuona ukiondoka, na sina mahali pengine pa kukuagia isipokuwa mle.

Kwa hiyo tutaagana mbele ya watu, mwanangu, kwenye chumba kile kile, na zulia ni lile lile. Nitaingia na toroli. Gurudumu litakwama, nitainua birika kwa mikono miwili. Sikuombi kitu. Una maisha yako ya kuanza na wakubwa wako watakuwa wanatazama, na mimi si mjinga, najua kilichokufikisha pale. Ukibaki umeketi nitapita kwako kama ninavyopita kwa wengine, nitakutilia vijiko vyako vitatu bila kukuuliza, na hiyo itakuwa kwaheri yangu, nami nitarudi jikoni bila kinyongo.

Lakini ukiinuka, Wycliffe, sitakwambia keti.

Ni mimi mama yako,
Rispa